Tembo Wamepungua Kweli? Mwongozo wa Kuchambua Hesabu za Wanyamapori za Miaka Mingi

Mwaka 2013 hesabu ya kutoka angani katika mfumo ikolojia wa Ruaha-Rungwa, Tanzania, ilikadiria tembo 20,090. Mwaka uliofuata makadirio yakawa 8,272. Ikaamuliwa wahesabiwe upya, na mwaka 2015 yakatoka 15,836. Ukizichora namba hizo tatu unapata mteremko mkali, kisha mpando mkali. Sasa mfikirie mnyama mwenyewe. Tembo jike hubeba mimba karibu miezi 22, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka minne hivi kabla ya kuzaa tena. Wanyama wa namna hiyo hawawezi kukaribia kuongezeka maradufu ndani ya mwaka, hata kama majangili wote wangelala usingizi wa pono.

Ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kweli na ulikuwa mkubwa: kitaifa makadirio yalishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Mwongozo huu haupo ili kuukana. Ninachosema ni kwamba kila namba ya sensa imebeba vitu vitatu kwa pamoja: wanyama waliokuwepo, uwezo wetu wa kuwaona siku ile, na bahati ya mahali ndege ilipopita. Mchambuzi anatakiwa avitenganishe kwanza, ndipo afungue mdomo kueleza sababu.

Nawaandikia wenye lahajedwali mkononi: mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka au Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) anayeandika tasnifu, afisa wa kaunti aliyeombwa ripoti, mwandishi wa habari aliyetumiwa jedwali la miaka thelathini na mhariri anataka kichwa cha habari kabla ya jioni.

Hatua ya 1: Kabla ya grafu, uliza namba zilipatikanaje

Fungua safu mpya pembeni ya kila mwaka. Andika: njia iliyotumika, mwezi, eneo kwa kilomita za mraba, urefu wa kuruka, umbali kati ya mistari ya ndege, idadi ya waangalizi. Pasipojulikana, acha wazi. Safu hizo ndizo zitakazokuokoa baadaye, na ndizo ambazo karibu hakuna anayezijaza.

Njia kuu ni mbili. Kuna hesabu kamili, ambapo timu inajaribu kumwona kila mnyama, na kuna hesabu ya sampuli, ambapo ndege inapita kwenye mistari iliyopangwa na waangalizi wanahesabu wanyama walio ndani ya mkanda tu, mkanda unaopimwa kwa fito mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa bawa. Kwa kawaida mkanda una upana wa mita 150 hivi kila upande. Mistari ikiachana kwa kilomita 5, mnaangalia mita 300 katika kila kilomita 5, yaani asilimia 6 ya ardhi. Sehemu iliyobaki inajazwa kwa hesabu: kila mnyama aliyeonekana anazidishwa kwa karibu 17.

Usiunganishe namba za njia hizi mbili kwa mstari mmoja. Serengeti ina mfano mzuri wa kwa nini. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walizunguka kwa ndege ndogo wakijaribu kuhesabu wanyama wote, wakapata nyumbu 99,481. Mwaka 1961 makadirio mengine yakatoa karibu 260,000. Piga hesabu: kutoka 99,481 hadi 260,000 kwa miaka mitatu ni ongezeko la asilimia 38 kila mwaka.

Linawezekana? Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Majike ni nusu ya kundi, na kati yao wamo ndama na mitamba ambao hawajaanza kuzaa. Hata tukijifanya hakuna anayekufa kwa simba, fisi, njaa wala mto, theluthi moja kwa mwaka ndiyo dari. Kwa hiyo ongezeko lile halikuwa la nyumbu peke yao. Sehemu yake ni wanyama waliokuwepo tangu mwanzo ila hawakuonekana.

Linganisha na kilichofuata. Kutoka 260,000 mwaka 1961 hadi takriban 1,300,000 mwaka 1977 ni karibu asilimia 10.6 kwa mwaka kwa miaka 16. Hilo linawezekana, na sababu yake inafahamika: chanjo ya ng'ombe kuzunguka hifadhi iliikata sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ndama wa nyumbu kwa wingi, na miaka ya 1970 ikaleta mvua nzuri za kiangazi.

Jaribio hili la uzazi fanya kwa kila jozi ya miaka iliyopakana kwenye jedwali lako. Litakula dakika kumi. Ongezeko lolote linalozidi dari ya kuzaliana la spishi husika litie alama nyekundu, kisha rudi kwenye safu za pembeni utafute kilichobadilika. Kwa kushuka, jaribio ni gumu zaidi, maana kifo hakina dari. Hapo utahitaji ushahidi wa aina nyingine, tutaufikia.

Hatua ya 2: Hakikisha eneo na msimu ni vilevile

Mpaka wa eneo la hesabu huhama kimyakimya. Mwaka huu fedha zimepatikana, wakaongezwa mapori ya pembeni. Miaka sita baadaye mafuta yamepanda bei, yakaachwa. Jumla inapanda na kushuka bila mnyama yeyote kuhusika. Chora ramani ya eneo la kila mwaka, tafuta sehemu ambayo ndege ilipita juu yake miaka yote, uchambue hiyo tu. Wengine hukimbilia kugawanya kwa kilomita za mraba wakidhani wamemaliza tatizo. Hawajamaliza: ukiongeza eneo lenye wanyama wachache, wastani kwa kilomita unashuka hata kama kila mnyama bado yupo.

Kuhusu msimu, nadhani hakuna msomaji wa Kenya au Tanzania anayehitaji kuelezwa kwamba nyumbu wa Masai Mara mwezi Agosti si nyumbu wa Masai Mara mwezi Machi. Lakini tembo nao huhama, na hawatangazwi na makampuni ya utalii. Kiangazi hujikusanya mtoni, masika husambaa hadi nje ya mipaka. Hesabu ya Oktoba na hesabu ya Mei ni za wanyama walewale, lakini ni kana kwamba wako katika nchi mbili tofauti.

Hatua ya 3: Pima macho

Tuseme kuna wanyama 1,000, na waangalizi wa kwanza wanawaona sita kati ya kila kumi. Wanaandika 600. Miaka mitano baadaye wapo walewale 1,000, lakini nyasi zimeungua na waangalizi wana uzoefu, wanaona wanane kati ya kumi. Wanaandika 800. Ripoti inasema ongezeko la asilimia 33. Hajazaliwa hata mmoja.

Watu wengi hujifariji hivi: "Sisi tunatafuta mwenendo, siyo idadi kamili, kwa hiyo kukosa wanyama wachache si tatizo." Hoja hiyo ni sahihi kwa sharti moja tu, kwamba sehemu inayokosekana haibadiliki mwaka hadi mwaka. Na inabadilika. Vichaka vinaota, rubani mpya anaruka juu zaidi, mwangalizi amechoka saa ya tatu ya safari.

Mtego mkubwa wa miaka yetu ni kamera. Jaribio lililofanyika Tsavo, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, lilifunga kamera kwenye ndege ileile iliyobeba waangalizi wa kawaida. Picha zilionyesha kwamba waangalizi waliwakosa tembo wachache tu, lakini twiga waliwakosa zaidi ya nusu. Twiga, mnyama wa kumwona kutoka barabarani! Ukiwa juu yake akiwa amesimama katikati ya migunga, madoa na kivuli vinamfuta.

Maana yake kwa mchambuzi: hifadhi itakayohama kutoka macho kwenda kamera mwaka 2026 itashuhudia twiga "wakiongezeka" maradufu, tembo wakibaki palepale, na mtu ataandika makala kuhusu mafanikio ya uhifadhi wa twiga. Dawa ni kufanya njia zote mbili kwenye safari moja, angalau mara moja, ili upate uwiano wa kila spishi peke yake. Uwiano wa tembo usiutumie kwa swala. Ikiwa safari ya pamoja haikufanyika, weka pengo kwenye mstari wa grafu na uache msomaji alione pengo hilo.

Kwa wanaoshughulika na samaki, macho yenu ni nyavu, na tatizo ni baya zaidi. Mavuno kwa mtumbwi yanaweza kukaa juu huku samaki wakiisha, kwa sababu wavuvi wanajua mahali pa mwisho walipojikusanya na wanawafuata hukohuko. Chewa wa Newfoundland, Kanada, walisomwa vibaya kwa sehemu kwa sababu hiyo, hadi serikali ilipolazimika kufunga uvuvi wao mwaka 1992.

Hatua ya 4: Beba kosa sanifu kila uendako

Kosa sanifu ni kipimo cha kiasi ambacho makadirio yangeyumba kwa bahati tu kama mistari ya ndege ingepangwa upya. Hesabu ya sampuli isiyo nalo ni uvumi wenye tarakimu. Tafuta kosa hilo kwenye ripoti asilia. Mara nyingi limeandikwa baada ya alama ya kujumlisha na kutoa, kisha likaachwa njiani na aliyenakili namba kwenye jedwali la muhtasari.

Turudi Ruaha-Rungwa, 8,272 kwenda 15,836. Kwa zoezi hili chukua kosa sanifu la asilimia 20 kwa namba ya kwanza na asilimia 30 kwa ya pili, viwango vya kawaida kwa hesabu za aina hii. Yanakuwa 1,654 na 4,751.

Tofauti ya makadirio: 15,836 kutoa 8,272 ni 7,564.

Kosa sanifu la tofauti: zidisha kila kosa kwa lenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Unapata takriban 5,031.

Mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 7,564 kujumlisha na kutoa 1.96 mara 5,031. Inaanzia kupungua kwa 2,300 na kufikia kuongezeka kwa 17,400.

Mipaka hiyo imemeza sifuri. Kwa namba hizo mbili peke yake, huwezi kusema tembo waliongezeka. Huwezi pia kusema hawakuongezeka, na hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa upande wa pili. "Tofauti si ya maana kitakwimu" haitafsiriwi kuwa "hakuna kilichotokea". Ukiwa na hesabu mbili, kila moja yenye kosa sanifu la asilimia 20, kundi linapaswa kushuka kwa asilimia 45 hivi ndipo tofauti ijitokeze kwenye kipimo cha asilimia 95. Linaweza kupoteza theluthi nzima ya wanyama wake na jaribio lako likakaa kimya. Kwa spishi iliyo hatarini, kimya hicho ni hatari kuliko kelele. Kwa hiyo ripoti mipaka yenyewe, usiripoti "ndiyo" au "hapana".

Kwa nini makosa haya ni makubwa hivyo? Kwa sababu wanyama hawajatawanyika sawasawa. Kundi la nyati 300 likiangukia ndani ya mkanda wa asilimia 6, linaingia kwenye makadirio kama nyati 5,000. Likijificha mita hamsini nje ya mkanda, linaingia kama sifuri. Ndiyo maana usitumie kanuni zinazochukulia kila mnyama kuwa tukio huru. Zitakupa kosa dogo la kupendeza na la uongo. Kipimo cha sampuli ni mstari wa ndege, siyo mnyama mmojammoja. Njia ya mtakwimu Jolly ya mwaka 1969, ambayo bado inatumika katika hesabu nyingi za Afrika, imejengwa juu ya tofauti kati ya mistari. Ukiwa na namba za kila mstari na unataka kujenga modeli, chagua mgawanyo unaoruhusu mrundikano, kama hasi-binomia, badala ya Poisson, unaochukulia kila mnyama kuwa huru.

Hatua ya 5: Hamia kwenye logi

Wanyama huongezeka kwa kuzidisha. Kundi la 100 likipata asilimia 10 ni 10, la 10,000 ni 1,000. Mstari wa kawaida wa mnyoofu kwenye namba ghafi utavutwa na miaka yenye wanyama wengi na utadharau miaka ya uchache, halafu ukiurefusha mbele utakuletea tembo hasi. Chukua logi asilia (ln kwenye kikokotoo) ya kila makadirio, kisha tafuta mteremko wa mstari, yaani kasi ya kupanda au kushuka kwa mwaka.

Logi pia inakukinga na hila za asilimia. Kundi la 100 likishuka kwa asilimia 60 linabaki 40. Likipanda kwa asilimia 60 linafika 64, si 100. Na kushuka kwa tembo wa Tanzania kutoka 109,051 hadi takriban 43,000 kwa miaka mitano, asilimia 60, si asilimia 12 kwa mwaka kama magazeti yanavyogawanya. Gawanya logi kwa miaka mitano, kisha igeuze irudi kuwa asilimia: unapata karibu asilimia 17 kwa mwaka. Tofauti hiyo ya tano kwa mia ni kubwa kwa anayepanga idadi ya askari wa doria.

Sifuri ndiyo kero ya logi. Kawaida ya kujumlisha 1 kwa kila namba imeenea mno, nami siipendi: katika jedwali lenye makumi ya wanyama, hiyo 1 inabadilisha mteremko. Bora utumie modeli ya kuhesabu inayopokea sifuri ilivyo.

Hatua ya 6: Usichague mwaka wa kuanzia kwa faida yako

Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1989 walikuwa chini ya 20,000. Sensa ya taifa ya 2021 ikatoa 36,280. Basi: tembo wa Kenya wamepungua kwa zaidi ya robo tatu, tembo wa Kenya wamekaribia kuongezeka maradufu. Sentensi zote mbili ni za kweli, na utajua nani anaomba fedha na nani anajitetea kwa kuangalia tu mwaka aliouchagua.

Toa mstari mzima. Kisha jaribu uchambuzi wako mara kadhaa ukiondoa mwaka wa kwanza, kisha miwili, kisha wa mwisho. Mwenendo unaogeuka ukiondoa mwaka mmoja si mwenendo. Angalia hasa miaka ya ukame: nyumbu wa Serengeti walipungua kwa mamia ya maelfu baada ya ukame wa 1993, na anayeanzia hesabu yake 1994 atapata "ongezeko" la bure.

Uchaguzi wa mahali nao una mtego uleule. Watafiti huanza kuhesabu pale wanyama walipojaa. Nani aombe fedha za kwenda kuhesabu kongoni pasipo na kongoni? Lakini mahali penye wengi kupita kiasi leo, kesho pana uwezekano zaidi wa kushuka kuliko kupanda, kwa bahati tu.

Hatua ya 7: Heshimu muda

Namba ya mwaka huu ni mtoto wa namba ya mwaka jana. Hesabu 30 za kila mwaka hazina taarifa ya vipimo 30 vilivyo huru, na jaribio la kawaida la mteremko, lisilolijua hilo, litakupa uhakika usiostahili. Jambo la kwanza la kufanya ni kuchora mabaki ya modeli yako, yaani tofauti kati ya namba zako na zile ambazo modeli inatabiri, kwa mpangilio wa miaka. Yakienda kwa mawimbi, juu miaka mitano, chini miaka mitano, modeli haijatosha.

Wenye R, programu ya takwimu, wana njia nzuri. Kifurushi cha mgcv kinachora mwenendo uliopinda bila kuulazimisha uwe fimbo. Kwa data ya vituo vingi yenye miaka iliyokosekana, rtrim inafaa; asili yake ni hesabu za ndege wa Ulaya. Na ukiwa na makosa sanifu ya kila mwaka, ni vyema zaidi kutumia modeli inayotenganisha idadi halisi isiyoonekana na makadirio yanayoonekana, kwa sababu ndiyo inayofanya waziwazi kile tulichosema mwanzoni: wanyama huku, macho na bahati kule.

Mitego miwili hapa huwanasa hata maprofesa.

Wa kwanza ni kulinganisha mistari miwili inayoteremka au kupanda. Chukua idadi ya swala wa wilaya yoyote inayokua na uilinganishe na idadi ya bodaboda zilizosajiliwa: uhusiano utakuwa mkali ajabu. Kitu chochote kinachopanda kwa miaka thelathini kitahusiana na chochote kinachoshuka kwa miaka hiyohiyo. Ukitaka kudai kwamba mifugo, mashamba au mvua ndiyo sababu, linganisha mabadiliko ya mwaka hadi mwaka: je, mwaka ambao mifugo iliongezeka kuliko kawaida, swala walipungua kuliko kawaida? Hapo uhusiano mwingi wa uongo huyeyuka. Ule unaobaki unastahili kuandikwa.

Wa pili umefichika zaidi. Wanaikolojia hupenda kuonyesha kwamba kundi likiwa kubwa hukua polepole, kwa kuchora kasi ya ukuaji dhidi ya idadi. Sasa rusha dadu mara hamsini na uandike matokeo kana kwamba ni sensa. Baada ya kila 6, namba inayofuata haiwezi kupanda. Baada ya kila 1, haiwezi kushuka. Grafu yako itaonyesha udhibiti mzuri wa idadi, na dadu haina malisho wala njaa. Makosa ya kupima yanafanya vivyo hivyo: makadirio yaliyozidi kwa bahati mwaka huu yatafuatiwa na "kushuka". Usidai udhibiti wa idadi bila modeli inayoyazingatia makosa hayo.

Hatua ya 8: Hesabu majaribio yako

Spishi 18 katika kaunti 21 ni majaribio 378. Kwa kipimo cha asilimia 5, karibu 19 yatatoka "ya maana" hata kama hakuna kilichobadilika popote. Amua mapema maswali makuu ni yapi, uyaandike kabla ya kufungua data. Bora zaidi, weka spishi na kaunti zote ndani ya modeli moja ili zenye data chache zikopeshwe nguvu na zenye data nyingi.

Hatua ya 9: Kuwa macho na wastani wa makundi mengi

Viashiria vya dunia hutumia wastani jiometri wa uwiano. Angalia unavyofanya kazi. Hifadhi A ilikuwa na wanyama 100, sasa ina 5. Hifadhi B ilikuwa na 100, sasa ina 195. Jumla: 200 mwanzo, 200 mwisho. Zidisha 0.05 kwa 1.95, chukua kipeuo cha pili: 0.31. Kiashiria kinatangaza kushuka kwa asilimia 69.

Si uongo, kiashiria hicho kinajibu swali la wastani wa hali ya makundi, wala hakijibu swali la wanyama wamebaki wangapi. Tatizo linaanza pale kinaposomwa redioni kuwa "asilimia 69 ya wanyama wamekufa". Kiashiria cha Sayari Hai cha shirika la uhifadhi la WWF, kilichotoa asilimia 68 mwaka 2020, 69 mwaka 2022 na 73 mwaka 2024, husomwa hivyo karibu kila mara. Na utafiti wa Brian Leung na wenzake katika jarida la Nature mwaka 2020 ulionyesha kwamba ukiyatoa makundi yaliyoporomoka kupita kiasi, chini ya asilimia 3 ya yote, mwenendo wa dunia wa zaidi ya nusu kupotea unatoweka. Makundi hayo machache yanahitaji msaada wa haraka, kwa hiyo yaonyeshe yenyewe, kwa majina, badala ya kuyayeyusha ndani ya wastani.

Kwa jedwali lako, toa vitu vitatu pamoja: jumla ya wanyama, wastani wa mwenendo wa makundi, na mchoro wa kila kundi peke yake.

Hatua ya 10: Tafuta shahidi wa pili, kisha andika

Kwa kushuka, sensa peke yake isihukumu. Kwa tembo tuna bahati: mizoga huonekana kutoka angani na huhesabiwa katika safari ileile. Gawanya mizoga kwa jumla ya mizoga na tembo hai. Uwiano ukizidi asilimia 8 hivi, huchukuliwa kuwa dalili kwamba vifo vinapita vizazi. Chini kwa miguu, askari wa doria huandika kama kila mzoga ulikatwa pembe au la, na sehemu ya waliouawa kinyume cha sheria ikivuka nusu, kundi kwa kawaida liko hatarini kupungua. Makadirio yakishuka na mizoga ikapanda, una kisa. Makadirio yakishuka huku mizoga ikiwa michache, rudi Hatua ya 2: huenda wamevuka mpaka, au mistari ya ndege haikuwapitia.

Halafu andika kwa umbo hili, ukijaza namba zako: "Kati ya mwaka fulani na fulani, makadirio ya spishi hii katika eneo la kilomita za mraba kadhaa, yaliyohesabiwa kwa njia ileile katika msimu uleule, yalibadilika kwa asilimia kadhaa kwa mwaka (mipaka ya asilimia 95: kutoka hapa hadi hapa). Mwaka fulani njia ilibadilika, na mwenendo ukichambuliwa bila mwaka huo unakuwa hivi. Uwezekano wa kuonekana haukupimwa miaka hii na hii."

Mhariri atataka kuikata iwe "Tembo waporomoka". Mpe kichwa kifupi ulichokiandika mwenyewe kabla hajatunga chake, na humo ndani acha mipaka ya uhakika ibaki. Hifadhi pia data ya kila mstari wa ndege, siyo jumla pekee, pamoja na zile safu za pembeni za Hatua ya 1 na msimbo uliotumia, mahali ambapo mwenzako atavikuta hata ukihamishwa kituo. Atakayefanya sensa ya 2040 atahitaji kujua mkanda wako ulikuwa na upana gani.